Makaa Yaliyonukia Arusi

Shangazi yangu alikifunga kisima kwa kufuli siku ileile niliyomwambia kwamba maji yake yana dawa. Sikulitarajia hilo hata kidogo. Nilikuwa nimemweleza kwa raha zangu, tukinywa chai ya asubuhi na mahamri, kama mtu anayesimulia habari za kazini. Mimi nasoma kemia chuo kikuu huko bara, na utafiti wangu ni wa kuondoa masalia ya dawa za hospitali majini kwa kutumia makaa ya vifuu vya nazi. Likizo moja nilijaza chupa kwa maji ya kisima chetu hapa Lamu nikaondoka nayo. Sikuwa nashuku lolote, ila mwanafunzi wa maabara hutamani kupima kila kinachomiminika. Likizo iliyofuata nikarudi na majibu: dawa ya maumivu ya kichwa, dawa ya sukari, dawa ya kuua vijidudu na nyingine ya kifafa, zote kwa viwango vidogo mno.

Kisima chenyewe kimo ndani ya nyumba yetu, upande wa chini, ukishapita mlango wa mbele tu. Bibi yangu, yaani mamake Shangazi, alikifanya sadaka kabla hajafariki. Mlango huo ufunguliwe baada ya sala ya alfajiri, ufungwe magharibi, na apitaye achote, jirani au mgeni, asiulizwe neno. Maji ya bomba mtaani kwetu huja yanapopenda, na yasipokuja watu husema "twendeni kwa Bibi," ingawa Bibi yuko kaburini miaka mingi. Shangazi ndiye aliyeachiwa ufunguo. Kwake yeye, kila kata ya maji inayotoka pale ni thawabu inayomfikia mamake, na hakuna siku aliyomkosesha. Hata alipolazwa na homa alinitoa usingizini nikamfungulie.

"Mai ya mamangu yana dawa ya kitwa?" aliniuliza asubuhi hiyo.

"Kidogo sana, Shangazi. Mtu anywe kisima kizima ndipo apate nusu kidonge."

"Sikukuuliza kidogo au kingi. Nakuuliza, imo au haimo?"

"Imo."

"Basi mimi kila siku namtumia mamangu thawabu na dawa ya kitwa pamoja."

Niliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliondoka na kikombe hakijafika nusu, akatoa kufuli la mlango wa stoo, akaenda kulitia kwenye mlango wa kisima.

Hasira zangu ziko karibu, na nimezitoa upande huohuo wa Shangazi, kwa hiyo tulipandishiana sauti mpaka jirani wa nyuma akaja kuchungulia. Huyu ni msusi wa mikeka, mzaliwa wa Siyu, mwenye ugonjwa wa kisukari na ulimi ambao hakuna aliyewahi kuuzima. Alipoelezwa kisa alishika kiuno.

"Dawa ya sukari imo humu? Na mimi kila mwezi naenda kupanga foleni hospitali, kumbe iko mlango wa pili!"

Kisha akauliza kuhusu samaki wa birikani. Ni wale samaki wadogo tunaowatia kwenye birika la kuogea ili wale mayai ya mbu. Alitaka kujua kama nao wako kwenye dozi. Nilimwambia wako kwenye dozi, na wameshauri anywe dawa zake kwa wakati. Shangazi alitutazama sote wawili kwa jicho ambalo lilitunyamazisha.

Ndipo akauliza dawa hizo zimeingiaje. Nikamweleza kwamba mtu akimeza kidonge, sehemu yake hutoka mwilini vilevile ilivyoingia, ikaenda chooni, na vyoo vyetu ni vya shimo, na mashimo yetu yako karibu na visima vyetu kwa kuwa mji wenyewe nyumba zimebanana. Nikaongeza kwamba zaidi ya hizo kuna dawa zilizotupwa humo humo shimoni zikiwa nzima.

Na hizo sote watatu tulijua zimetoka wapi. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, wanawake wa mtaa husafisha makabati, na dawa zilizobaki au kupitwa na muda hawazitupi jaani. Jaani kuna watoto wanaookota na punda wasiochagua chakula. Huzifunga kwenye kitambaa wakamletea Shangazi, kwa kuwa ndiye anayeaminiwa, naye huzitia kwenye choo chetu kwa bismillahi, zisimdhuru kiumbe. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikuwa nikitumwa kuzikusanya nyumba kwa nyumba, na nikiona nimepewa kazi ya maana.

"Ni mimi," Shangazi alisema.

"Ni mtaa mzima," jirani akamjibu, kwa mara ya kwanza bila mzaha.

Hakufarijika. Hitima ya Bibi ilikuwa inakaribia. Sisi humsomea kila mwaka mwezi wa Shaabani, na wanawake wanaokuja kusoma hunywa maji ya kisima chake. Shangazi alikaa kwenye ngazi, akazungusha ufunguo kidoleni.

"Mai haya yasiposafika kabla ya hitima, nitakifukia," alisema. "Sitamsomea mamangu na kisima chake kimetiwa kufuli. Heri kisiweko."

Nilimfahamu vyema nikajua hatanii. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba aliongea kwa upole, bila ile hasira ambayo ningeweza kushindana nayo.

"Usikifukie," nikamwambia. "Hii ndiyo kazi niliyosomea. Nitakusafishia." Nilisema kwa kujiamini sana, nikafurahi kwamba hakuna mwalimu wangu aliyekuwapo kunisikia.

Lamu haikosi vifuu. Wali wetu wa nazi, samaki wetu wa nazi, maharagwe ya nazi, mpaka bamia zina nazi. Vifuu havitupwi, vikavu huwashia moto, na makaa yake ndiyo yanayopendwa kwenye chetezo, kile chombo cha kufukizia udi na ubani, kwa sababu hayazimiki haraka. Nilipotoa habari kwamba nahitaji vifuu kwa ajili ya kisima cha Bibi, vilianza kuletwa kwa makapu. Wengine walileta na makumbi ambayo sikuyaomba, na mmoja alileta nazi nzima akasema nijivunjie mwenyewe.

Tuliyachoma makaa kiwanjani nyuma ya nyumba, mbali na mapaa ya makuti, ndani ya madebe yenye vifuniko. Nilimweleza Shangazi kwamba kifuu kikiungua wazi hubaki jivu, lakini kikiungua debeni bila hewa kuingia, moshi ukatoka kwa kitundu tu, hubaki makaa yenye matundu madogo mno yasiyoonekana. Ni mengi kiasi kwamba kipande kinachoenea kiganjani kina nafasi ndani yake kupita sakafu zote za nyumba yetu. Maji yakipita humo, dawa hunasa kwenye kuta za matundu hayo.

"Kana vyumba," alisema.

"Kama vyumba. Na vikijaa, mgeni mwengine hana pa kulala. Maji hupita na dawa zake."

Alipenda maelezo hayo. Nilimsikia baadaye akimweleza muuza samaki wa kutoka Kizingitini, na kwa maelezo yake kila chumba kilikuwa na kitanda.

Kutwanga makaa nako kulikuwa na vituko vyake. Tulitumia kinu cha zamani kilichopasuka mdomo, tukachekecha, tukaosha mpaka maji yakatoka meupe, tukaanika juu darini. Vumbi lilituingia puani, kwenye kope na chini ya kucha. Shangazi, ambaye hatoki hata kwenda dukani bila wanja ulionyooka, alijitazama kwenye kioo akasema katika maisha yake hajawahi kupata wanja mwingi namna hii bila kwenda sokoni. Jirani alikataa kutwanga lakini alikaa nasi muda wote akisuka ukili wake na kutusimamia.

Kwa kichujio nilitafuta pipa la plastiki, nikalitia bomba dogo chini, kisha kokoto, mchanga wa Shela uliooshwa vizuri, makaa, mchanga tena, na juu kipande cha kanga kuukuu. Sasa ikabidi nijue kama makaa yangu yanafanya kazi. Maabara kwetu, kabla ya kuyajaribu kwa dawa zenyewe, huwa tunayapitishia maji yaliyotiwa rangi ya buluu. Makaa mazuri huimeza rangi yote. Nikamwomba jirani chembe ya ile rangi ya buluu anayochemshia ukili wa mikeka yake, nikaikoroga kwenye ndoo na kuimimina juu ya pipa. Tulikaa tukitazama lile bomba. Yakatoka maji meupe, meupe kabisa, ndoo nzima.

Shangazi alisema "Alhamdulillahi" na kukaa chini. Jirani aliinama akachungulia chini ya pipa, kisha akazunguka nyuma yake.

"Rangi yangu imekwenda wapi?"

"Imenasa kwenye makaa."

"Basi inasue unirejeshee, nna mkeka haujesha!"

Hayo yalikuwa makaa machache ya majaribio. Tukachoma mengine ya kutosha pipa zima, tukayatwanga na kuyatandaza kwenye sinia na majamvi ndani ya stoo, yakauke taratibu. Katikati ya hayo nikaitwa chuoni kwa shughuli isiyoahirishika. Kabla sijaondoka kwenda kupanda boti ya Mokowe, kuvuka bara, nilimshika Shangazi mkono.

"Yaangalie haya makaa. Yasipate maji, yasipate taka."

"Nenda, mwanangu," alinijibu. "Nitayaangalia kana mgeni wa heshima."

Nilirudi na furaha zangu zote. Nikayajaza makaa pipani, nikakoroga rangi, nikamimina. Bomba likatoa buluu.

Nikasubiri. Nikadhani ni maji ya mwanzo tu. Yaliyofuata yalikuwa ya buluu vilevile. Nikayatoa makaa yote, nikayaosha upya, nikayarudisha; buluu. Nilijilaumu kwanza, nikasema moto haukutosha. Kisha nikailaumu chumvi ya kisima. Nilipomaliza vya kulaumu nikaugeukia upande wa jirani, nikamwambia huenda rangi aliyonipa safari hii si ileile. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniambia yeye hana rangi ya siku ya arusi na rangi ya siku ya msiba, rangi yake ni moja, na makaa yangu ndiyo yenye kigeugeu.

Kila siku hitima ilizidi kusogea. Shangazi hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo lilinitesa. Alipika, alinilazimisha kula, aliniuliza kama nimelala. Lakini mchana mmoja nilipopita karibu na chumba chake nikamsikia kwenye simu akimwuliza fundi mmoja mizigo mingapi ya mchanga ya punda itatosha kufukia kisima. Aliuliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayeulizia dawa ya mgonjwa. Nilirudi nyuma nikakaa ngazini palepale alipokuwa amekaa yeye, nikalia.

Jirani alinikuta hapo. Alikuwa amekuja na sufuria lake la rangi kuthibitisha kwamba hakunidanganya, na nadhani alikuwa amejiandalia na maneno ya kunitosha. Aliponiona machozi aliyameza maneno yake, akajitia anachungulia pipa. Akainama na kunusa. Akanusa tena.

"Ndoo unuse hapa," aliniita kwa mkono.

Nikaenda, nikanusa. Sikusikia chochote.

"Hunusi? Makaa yako yanukia arusi!"

Nilichota makaa mkononi nikatoka nayo mpaka nje barabarani, kwenye harufu ya samaki na punda, na hapo ndipo pua yangu ilipozinduka. Udi. Udi na marashi, tena wa hali ya juu. Ndani ya nyumba nisingeweza kuitambua harufu hiyo, kwa sababu nyumba ya Shangazi hunukia hivyo yote, mapazia, mito, na hata kurasa za vitabu vyangu. Nimekulia ndani yake.

Shangazi alikuwa jikoni akikuna nazi. Nilimwuliza kwa utulivu niliolazimika kuutafuta.

"Shangazi, makaa uliyafanya nini nilipokuwa sipo?"

Uso wake ulichanua. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa akingoja nimwulize.

"Nimeyafukiza," alisema. "Kila siku baada ya alasiri. Mai ya hitima yanywewe bila ya harufu, tangu lini? Mtungi twaufukiza, kata twaifukiza, sembuse makaa? Nimetoa ule udi nilioletewa kutoka Makka, niliouweka kwa jambo kubwa. Nikayafunika kwa kanga, chetezo tini. Kisha nikayapaka mafuta ya udi kwa mikono yangu hini, yasibaki hata moya."

Nilifungua mdomo nimjibu. Kwa haki ya Mungu, hasira ilikuwa imeshafika kooni. Lakini nikamwona amesimama na mbuzi ya kukunia nazi, mikono myeupe kwa machicha, akisubiri nimshukuru. Na mtu gani mwengine duniani angefanya kosa hili? Maishani mwake makaa ya vifuu yalikuwa na kazi moja tu, kubeba udi. Nilianza kucheka, nikashindwa kujizuia, nikashika ukuta.

"Shangazi," nikamwambia, "vile vyumba vyote umevipangisha kwa udi."

Alifahamu papo hapo. Alijiziba mdomo kwa mkono wenye machicha.

"Dawa haina pa kulala?"

"Haina."

Jirani, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alicheka hadi akakaa chini na sufuria lake. Shangazi naye alianza kucheka, lakini kicheko kikamkatikia njiani.

"Nimeyaharibu mai ya mamangu mara ya pili," alisema.

Nilimkumbatia na machicha yake. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilimwambia. Nikamwambia pia kwamba hakuna kilichoharibika, wageni hao watatoka kwa moto. Makaa yakirudishwa ndani ya debe na kuchomwa tena bila hewa, mafuta na moshi ulionasa hutoka, vyumba vikabaki vitupu.

Tulianza siku hiyohiyo. Nilichosahau kufikiria ni kwamba udi ukitoka, lazima uende mahali. Makaa yalipopata moto sawasawa, kitundu cha debe la kwanza kilianza kutoa moshi mwembamba wa samawati, na udi wote aliouweka Shangazi kwa jambo kubwa ukatoka na kuupitia mtaa nyumba kwa nyumba. Nguo zilizoanikwa zilinukia. Msikiti wa karibu ulinukia. Watoto walikuja mbio wakiuliza pilau iko wapi. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wengine wameshabadilisha nguo, wakiuliza ni nani anayeolewa na kwa nini hawakualikwa. Mzee mmoja wa ukoo wetu alituma ujumbe kwamba yeye ni mtu wa karibu na hakutegemea kupata habari ya ndoa kwa pua.

Jirani alijipa kazi ya kupokea watu. Alikaa kwenye baraza, miguu ameinyosha, na kila aliyefika alimjibu jibu moja.

"Bibi arusi yungali ndani ya debe. Yuwaiva. Kaeni."

Wakakaa! Chai ikapikwa, mtu akaleta vibibi, vile vitumbua bapa vya unga wa mchele, na kiwanja chetu kikajaa kana kwamba kweli kuna arusi. Mama mmoja alipiga vigelegele kwa sababu tu, alisema, harufu hiyo haistahili kupotea bila vigelegele. Shangazi alikuwa akizunguka katikati yao amejaa masizi, akieleza habari ya vyumba, na safari hii wageni walifukuzwa vyumbani kwa moto. Alikuwa akicheka kama msichana.

Makaa yalipopoa tukayarudisha pipani. Nikakoroga rangi ya jirani, ya sufuria lilelile, nikamimina mbele ya kadamnasi. Yakatoka meupe. Vigelegele vya safari hii vilikuwa vyetu.

Nikachukua maji ya kisima yaliyopita kwenye pipa, nikayatuma maabara kwa mwenzangu tunayefanya kazi pamoja. Alinipigia simu baada ya muda. Dawa ya maumivu mashine haikuiona, ya sukari haikuiona, ya vijidudu haikuiona. Ile ya kifafa ilikuwa imebaki, kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe alisema asingekihangaikia. Ningeweza kuikalia kimya. Lakini nilijua nitakachoulizwa.

"Hiyo ya kifafa, imo au haimo?"

"Imo, Shangazi. Kwa mbali mno."

"Basi ongeza makaa."

Tukaongeza. Tukatafuta pipa la pili, maji yakitoka la kwanza yaingie la pili, taratibu, yasikimbie. Tukatuma chupa nyingine. Siku simu ilipolia tena niliiweka kwenye spika, Shangazi akasogeza sikio. Mwenzangu alisema hakuna kitu. Mashine haikuona kitu chochote. Shangazi alivua kufuli mlangoni, kisha akalitazama kama hajui aliweke wapi.

Tulimsomea Bibi hitima yake kwa wakati. Wanawake walijaa chini na juu. Mitungi ilifukizwa, nilitoa ruhusa, kwa kuwa mtungi si makaa, na maji yalinywewa na kusifiwa. Jirani alitangaza kwa kila aliyemsogelea kwamba yana rangi ya mkeka wake ndani, ila imefichwa. Na mabunda ya dawa zilizobaki makabatini, ambayo msimu wake ndio huo, Shangazi aliyapokea kama kawaida, lakini aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye zahanati, wakayapokea huko. Alisema amezoea kuaminiwa na hataki kuacha.

Basi ikabaki siku yangu ya kuondoka, na jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa tangu mwanzo. Nilimkuta amekaa kiwanjani mchana, watu wameshapungua. Nikakaa karibu yake.

"Shangazi, kuna kitu sikukwambia. Makaa haya hayadumu. Dawa hazitaacha kuja, watu hawataacha kuugua, na vyumba vitajaa. Kila vikijaa ni kuyatoa, kuyachoma tena, na yakichakaa ni kutafuta vifuu vipya, kutwanga, kuosha. Mimi ninakwenda. Na ukiacha, itabidi urudishe kufuli."

Aligeuka akayatazama madebe.

"Kazi hini haina mwisho?"

"Haina, Shangazi. Nisamehe. Nilipaswa kukwambia kabla hujafurahi."

"Mpaka nife?"

"Na ukishafariki atahitajika mwengine."

Niliogopa kumtazama. Nilipomtazama, nilikuta macho yake yamejaa machozi na anatabasamu, na sikuelewa.

"Mwanangu," alisema, "kisima hiki ni cha mamangu. Miaka yote hini mimi ni mshika ufunguo tu. Kila kata inayotoka ni yake yeye, na naridhia, sikusema neno. Lakini nikilala hujiuliza, mimi nami nimetanguliza nini? Sina mtoto. Sina kisima. Nalikuwa nikiomba nipate jambo langu, lisilokwisha." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kisima cha mamangu. Makaa ni yangu."

Kisha akainuka, akakivuta kinu, akatia konzi ya vifuu vilivyochomwa, na kuniambia nisogee, namzibia mwanga.